KONA YA MWALIMU: Kabla ya kuapdeti mashine, uliza sauti iko wapi

  

Mwezi uliopita tuliongea habari ya watoto kuchelewa shule wakati wa mvua, na barua zimekuja nyingi. Asanteni. Lakini leo naomba nijibu barua moja tu, kwa sababu imegusa kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Mama mmoja wa Rubondo ameandika hivi:

"Mwalimu, mtoto wangu haoni. Alipewa ile mashine ndogo ya vitabu vya sauti. Jirani akasema iko na programu ya zamani, akaichukua akaiapdeti. Tangu jana imenyamaza. Watu wananiambia imekufa, niitupe. Nifanye nini?"

Mama, usiitupe. Na usimruhusu mtu mwingine kuibonyeza-bonyeza kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Nitaeleza taratibu, kisha mwishoni nitakuambia cha kufanya hatua kwa hatua.

MASHINE YENYEWE NI NINI?

Kwa wale ambao hawajaiona: ni kitu kidogo kinachoshikika mkononi, chenye vitufe vya kupapasa, spika, na tundu la kuingiza kadi ya memori. Watoto wa darasa langu wanaiita "redio ya vitabu". Lakini si redio. Redio ikisema imesema, hurudi nyuma. Hii unaweza kuirudisha, kuipunguza mwendo, kuruka mpaka sura ya tano, au kuweka alama mahali ulipoishia, ukesho ukaendelea palepale. Vitabu vingi vya namna hiyo vimetengenezwa kwa mfumo unaoitwa DAISY. Umoja wa maktaba za wasioona unaoendeleza mfumo huo uliundwa mwaka 1996, na mpaka leo mfumo unatumika duniani.

Sasa, ndani ya mashine kuna vitu viwili, na hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Kuna vitabu na sauti, ambavyo mara nyingi vinakaa kwenye kadi. Halafu kuna programu ya ndani, ambayo mafundi wanaiita famuwea. Hiyo ndiyo inayoifanya mashine ijue kwamba kitufe hiki ni cha kwenda mbele na kile ni cha kurudi. Bila programu hiyo mashine ni plastiki tu.

Kuapdeti maana yake ni kuitoa programu ya zamani na kuweka mpya. Mimi nafananisha na kubadilisha turubai la nyumba. Sisi wote tumewahi kuifanya kazi hiyo. Turubai la zamani linashushwa, jipya bado halijapanda, na katikati hapo nyumba iko wazi. Mvua ikinyesha saa hiyo, godoro limeloa. Kwa mashine, mvua ni kukatika kwa umeme. Ikizimika katikati ya kazi, ya zamani imeshatoka na mpya haijaingia yote.

KOSA LANGU

Mwaka jana darasani kwetu tulikuwa na mashine moja, na watu watatu waliitumia. Wawili ni wanafunzi. Mmoja wao ni binti wa P.7 ambaye alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa mwisho. Wa tatu ni mzee mmoja jirani wa shule, ambaye macho yalimwishia hukuhuku ukimbizini. Mzee alikuja kila jioni. Hakuja kusikiliza vitabu. Alikuja kurekodi. Mashine ile ina kitufe cha kurekodi sauti, na yeye alikuwa anataja ukoo wake: nani alimzaa nani, nani alizikwa wapi, shamba la nani lilipakana na la nani kule Fizi. Alisema wajukuu wamezaliwa hapa, hawajui hata mlima mmoja wa kwao, na yeye hawezi kuandika.

Basi, siku moja tukaletewa kitabu kipya cha sayansi. Binti akaingiza kadi, mashine ikakataa, ikasema haiwezi kukifungua. Nikasoma kwenye simu nikakuta kwamba kitabu kile ni cha aina ya EPUB, na mashine yetu yenye programu ya zamani haikuijua aina hiyo. Programu mpya inaijua. Nikafurahi. Nikanunua bando, nikashusha faili, nikasema jioni hii hii kazi imekwisha.

Mara ya kwanza, hakuna kilichotokea. Kumbe faili lilikuwa bado limefungwa kwenye zip, sikuwa nimelifungua. Mara ya pili pia kimya. Nilikuwa nimelifungua lakini limejificha ndani ya folda, na folda iko ndani ya folda nyingine. Mashine inatafuta faili pale mlangoni pa kadi tu, haiingii chumbani kulitafuta. Mara ya tatu ikaongea: inaanza kusasisha, tafadhali usizime. Tulikuwa pale wanapochajisha simu, mashine imechomekwa kwenye sola. Nikakaa nasubiri kama mtu aliyebandika maharage.

Saa mbili usiku kijana wa kuchajisha akafunga duka. Betri kubwa ya sola imeisha, akachomoa waya zote bila kuuliza. Simlaumu, sikumwambia. Betri ya mashine yenyewe ilikuwa chini, na sikuwa nimeiangalia. Ikalia "tii", ikanyamaza.

Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Jasho likanitoka. Kijana wa duka akataka kunisaidia, akasema: "Ticha, hiyo ni kadi tu imeharibika. Leta nikufomatie, dakika moja." Mimi kweli nikaitoa kadi nikaanza kumpa.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu na fimbo yake. Akasema: "Mwanangu, ngoja kwanza. Ile sauti yangu iko wapi? Iko ndani ya mashine, ama iko ndani ya hiyo kadi?"

Ndugu wasomaji, sikujua. Mimi mwalimu, miezi minne nimeitumia mashine ile, nimefundisha wengine, na sikujua. Nikamjibu, "Papa, sijui." Akasema, "Basi kama hujui, usiguse."

Nikairudisha kadi mfukoni, nikaenda nyumbani na mashine. Sikulala vizuri.

ASUBUHI YAKE

Asubuhi nilikwenda shuleni, nikawasha kompyuta, nikaingiza kadi. Ndani yake kulikuwa na folda za vitabu, na folda moja ya peke yake yenye rekodi. Nikafungua moja. Mzee huyo hapo, anataja majina ya shangazi zake. Faili arobaini na moja. Zote zilikuwa kwenye kadi. Kama ningempa yule kijana dakika yake moja ya kufomati, ukoo mzima ungefutika, na mashine ingebaki imekufa vilevile, maana ugonjwa haukuwa kwenye kadi.

Nikanakili kila kitu kwenye kompyuta, halafu nikanakili tena kwenye flashi. Baada ya hapo ndipo nikageukia mashine. Niliichaji saa nyingi mpaka ikajaa. Nikachukua kadi nyingine tupu, ndogo, ya GB 8, nikaweka faili la programu peke yake, pale mwanzoni, si ndani ya folda. Nikaingiza. Nikakishika kitufe cha kuwasha na kuhesabu polepole mpaka kumi na tano. Kimya. Nikarudia. Ikalia, ikaanza kuongea upya kwamba inasasisha.

Safari hii sikuigusa. Niliwatoa watoto nje, nikakaa mlangoni. Dakika kadhaa baadaye ikajizima yenyewe. Moyo ukaruka tena! Kumbe ndivyo inavyofanya ikimaliza. Nikaiwasha, ikasalimia.

Kwa nini ilifufuka? Mashine nyingi za namna hii zina sehemu ndogo ya kuanzia ambayo haiguswi wakati wa kuapdeti. Hiyo sehemu ikiwa salama, inaweza kupokea programu upya. Lakini si mashine zote ziko hivyo. Nyingine zikikatikiwa katikati zinahitaji fundi wa kiwandani, na kiwanda kiko ng'ambo. Kwa hiyo msije mkasema mwalimu amesema haina shida.

Na hasara ilikuwepo. Alama zote ambazo binti wa P.7 aliziweka kwenye vitabu vyake zilifutika, kwa sababu alama, tofauti na rekodi, zilikaa ndani ya mashine. Ilibidi tukae jioni mbili kuziweka upya, mimi na yeye, na mtihani uko mlangoni. Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Mwalimu, siku nyingine uniulize kwanza." Ana haki. Mashine ilikuwa ya watu watatu, na mimi niliamua peke yangu.

KABLA YA KUAPDETI

Haya ndiyo nimejifunza, na sasa nayafuata kama sala:

1. Jiulize kama kuna haja. Kama mashine inasoma vitabu vyako vyote vizuri, iache. Kule kwetu kitabu kimoja tu ndicho kilikataa. Ningeweza kukigeuza kwa kompyuta kiwe maandishi ya kawaida ambayo mashine inayajua, nikasubiri mtihani upite.

2. Ongea na wanaoitumia. Uliza: nini kimo humu ambacho hukipati pengine? Sauti iko wapi? Alama ziko wapi?

3. Nakili kadi yote. Si vitabu tu, rekodi pia. Kitabu unaweza kukipata tena. Sauti ya mtu huipati tena.

4. Angalia jina na toleo la mashine yako. Kampuni moja inaweza kutoa mashine inayofanana kwa sura, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila moja ina faili lake. Turubai la nyumba ya jirani halikai kwako.

5. Jaza betri kabisa, halafu chomeka umeme pia. Vyote viwili. Mwenye duka la kuchajisha mwambie mapema, "Usichomoe hii mpaka nije mwenyewe."

6. Fanya asubuhi wakati sola ina nguvu. Usifanye jioni.

IKIKATAA, TAFUTA HAPA

Imenyamaza kabisa. Anza na mambo madogo. Je, waya wa hedifoni umechomekwa? Ukichomekwa spika inanyamaza. Je, sauti imeshushwa mpaka chini? Je, vitufe vimefungwa? Mashine nyingi zina namna ya kufunga vitufe ili mtoto asibonyeze ovyo. Msicheke, mashine mbili nilizoletewa kama "maiti" zilikuwa na hedifoni tu.

Hailioni faili. Angalia kama bado ni zip. Angalia kama limejificha ndani ya folda. Angalia jina: ukishusha faili mara mbili, simu inaongeza (1) mwishoni, na mashine nyingine hazilitambui tena. Rudisha jina kama lilivyokuwa.

Inaanza halafu inasimama. Betri ni ya kwanza kushukiwa. Ya pili ni faili pungufu. Bando likiisha katikati, au faili likitumwa kutoka simu hadi simu likakatika, unapata nusu. Linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa pale ulipolishusha. Hata likipungua kidogo tu, lifute ushushe upya.

Inasema haiwezi kuandika kwenye kadi. Kama unatumia kadi ndogo ya simu ndani ya adapta, angalia ubavuni pa adapta. Kuna kidude cha kusukuma. Kikiwa upande wa kufunga, kadi inasomeka lakini haiandikiki. Kisukume upande wa pili.

Haiisomi kadi kabisa. Mashine za zamani nyingi hazipokei kadi kubwa kuliko GB 32. Kadi za juu ya hapo zimepangwa ndani kwa namna nyingine, inayoitwa exFAT, na mashine ya zamani haiijui. Ya kwao ni FAT32. Hiyo nayo haipokei faili moja linalofika GB 4, lakini kitabu kimoja hakifiki huko kirahisi. Na mjihadhari na kadi feki za mnadani zilizoandikwa GB 128 kwa bei ya soda. Ndani ni ndogo, na ukiijaza inakula vitu vyako kimyakimya.

Kompyuta haiioni mashine. Badilisha waya kabla ya kulaumu mashine. Waya nyingi za bei rahisi zinapitisha umeme tu, hazipitishi faili.

Inashindwa kwa waifai. Angalia tarehe ya mashine. Mashine iliyokaa muda mrefu bila chaji inaweza kurudi miaka mingi nyuma, na mara nyingi mashine ambayo tarehe yake si sahihi inashindwa kuongea na intaneti. Mimi napenda njia ya kadi. Kwa waifai ya kambi, bando likikatika uko katikati ya mto.

Imemaliza lakini inaongea kigeni, au inakimbia. Haijaharibika. Imerudi kwenye mipango ya kiwandani. Rekebisha lugha, mwendo na sauti upya. Na ikisoma maandishi ya Kiswahili kama Mzungu aliyefika jana, ni kwa sababu sauti yake ni ya Kiingereza. Vitabu vilivyosomwa na mtu havina shida hiyo.

KWA MAMA WA RUBONDO

Sasa mama, rudi kwenye mashine ya mtoto wako. Kwanza toa kadi, ifunge kwenye kitambaa kikavu, na mtu yeyote akikuambia "nifomati" mwambie hapana. Pili, chomoa hedifoni, ujaribu tena. Tatu, ichaji siku nzima ya jua, kisha kishike kitufe cha kuwasha huku ukihesabu mpaka kumi na tano. Nne, muulize jirani, kwa upole maana naye alitaka kusaidia: faili alilitoa wapi, na ni la mashine gani? Jibu hilo ni la maana kuliko yote. Kama bado iko kimya, niletee Jumamosi mchana shuleni, pamoja na kadi yake, na mtoto mwenyewe aje. Yeye ndiye anayejua ilikuwa inafanya nini. Sikuahidi kwamba itaongea, lakini vilivyo kwenye kadi tutavinakili siku hiyohiyo.

Binti wa P.7 alifanya mtihani wake na sasa yuko sekondari. Mzee anaendelea. Amefikisha rekodi hamsini na kitu, ameshafika kwenye ukoo wa mama yake. Kila Ijumaa nanakili kadi, na kila Ijumaa kabla sijaanza ananiuliza swali lilelile: "Sauti iko wapi?" Namjibu, "Papa, iko mahali patatu." Anacheka, anakaa, anaanza.

Wenye macho, wasomeeni jirani zenu wasioona ukurasa huu. Maswali yenu mwandike kwa karatasi, mmpe mwenyekiti wa kijiji, au mniletee shuleni baada ya masomo. Mwezi ujao tutaongea habari ya daftari moja kutumiwa na watoto wawili bila vita.

Mungu akipenda, tuonane.

Mwalimu wenu wa kujitolea, Nakivale